Kukarabati Nyumba Pasipo Rehani

Mkaazi wa Kaptembwo, Nakuru, ambaye mabati ya paa lake yameliwa na kutu hata mvua ya masika ikinyesha hutandaza sufuria sebuleni, naye hati ya kiwanja hana au imekwisha wekwa rehani, ni nadra benki kumsikiliza. Lakini sacco, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, humtazama kwa akiba yake na dhamana ya wanachama wenziwe, na kwa desturi humkopesha hata mara tatu ya akiba hiyo. Dhamana hii ni amana nzito, kwani mkopaji asipolipa, wadhamini ndio hukatwa akiba zao. Basi, ndugu msomaji, anza na paa, kopa kadiri ya makisio ya fundi, na kabla ya kutia sahihi uliza iwapo chama kina idhini ya SASRA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2008.