Unataka kuangalia Flash Gordon ya 1936? Jua haya kwanza

Sayari ngeni inakuja kuigonga Dunia. Kijana mmoja, binti mmoja na mwanasayansi mmoja wanapanda roketi kwenda kuizuia. Huko wanamkuta mfalme katili anayetaka kuitawala Dunia nzima.

Hiyo ndiyo Flash Gordon, filamu ya mfululizo ya kampuni ya Universal ya Marekani, iliyotoka mwaka 1936. Ina sehemu 13, ni nyeusi na nyeupe, na bado ina watazamaji. Ila ukiianza bila kujua ilitengenezwa vipi, unaweza kuizima mapema.

Usiimalize kwa usiku mmoja

Ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, sehemu moja kwa wiki, kama dakika 20 hivi. Kila sehemu inaisha steringi akiwa karibu kufa. Unataka kujua kama kapona? Wiki ijayo kata tiketi tena.

Ndiyo maana kila sehemu inaanza kwa kukumbusha yaliyopita. Ukiziangalia zote kwa mkupuo, marudio hayo yatakuchosha. Angalia moja au mbili kwa siku, utaona utamu wake.

Roketi zitakuchekesha

Ni vimodeli vidogo vilivyoning'inizwa kwa waya, na moshi wake unapanda juu badala ya kubaki nyuma. Baadhi ya mazimwi ni mijusi wa kawaida waliopigwa picha kwa karibu. Hata muziki mwingine uliazimwa kutoka filamu nyingine za Universal, ikiwemo Bride of Frankenstein.

Kilicho cha kweli ni mwili wa steringi. Buster Crabbe alishinda dhahabu ya kuogelea mita 400 kwenye Olimpiki ya 1932.

Kwa Ming, usicheke tu

Mfalme Ming anatoka sayari nyingine, lakini jina, masharubu na mavazi yake vinamfanya aonekane mtu wa Asia Mashariki. Aliyemwigiza, Charles Middleton, alikuwa Mmarekani mzungu.

Haikuwa bahati mbaya. Wakati huo sheria za Marekani ziliwazuia Waasia wengi kuhamia huko, na hadithi nyingi ziliwachora kama tishio. Mtoto aliyekaa sinema alifundishwa nani wa kumwogopa. Ukiiangalia na watoto wako, waeleze hilo.

Kwa nini basi uiangalie?

Kwa sababu Star Wars imetokea hapa. George Lucas aliupenda mfululizo huu tangu utotoni, akataka kutengeneza Flash Gordon yake. Alipokosa haki za hadithi hiyo, akabuni ya kwake, iliyotoka 1977. Yale maandishi yanayopanda na kupotelea angani yanafanana na ya mwendelezo wa Flash Gordon wa 1940.

Anza na sehemu ya kwanza. Ikiisha ukajikuta unajiuliza atatokaje pale, ujue imeshakunasa.