Mmoja Omani, mwingine Mbagala: Kubalianeni haya kabla ya viza

Ukipita Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tandale, haichukui muda kusikia habari za mtu aliyeko Uarabuni. Huyu ameezeka nyumba kwa hela ya mkewe aliyeko Muscat. Yule amerudi baada ya miezi mitano, mkononi ana begi tu.

Kati ya habari hizo mbili kuna wanandoa wengi ambao usiku, watoto wakishalala, wanaulizana kwa sauti ya chini: niende au nisiende?

Mara nyingi mazungumzo hayo yanazunguka mambo mawili. La kwanza ni mshahara. La pili ni uaminifu, yaani mtu atachepuka au hatachepuka. Ni maswali ya maana, lakini lipo la tatu ambalo wengi hulikumbuka wakati mambo yameshaharibika: hapa nyumbani tumekubaliana nini?

Mkataba wa kazi una karatasi na sahihi. Makubaliano ya mume na mke mara nyingi hayana hata mstari mmoja. Na hayo ndiyo yanayoamua kama hela itaonekana, na kama aliyeko mbali akipata mwajiri mbaya ataweza kuondoka.

Pigeni hesabu bila kujidanganya

Riyal ya Omani imefungwa kwenye dola ya Marekani. Riyal moja ni dola 2.6, na imekuwa hivyo tangu mwaka 1986. Tuchukue mfano wa mshahara wa riyal 80 kwa mwezi. Hiyo ni dola 208. Dola moja ikibadilishwa kwa Sh2,500, unapata Sh520,000.

Kwa mtu wa kazi za ndani hiyo ni hela. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 hapa nchini ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri kima cha chini cha Sh60,000 kwa mwezi.

Sasa tushuke chini. Aliyeko kule atabaki na kidogo cha vocha, sabuni na dharura. Tuseme anatuma riyal 60, sawa na Sh390,000. Nyumbani chakula, kodi, shule na nauli vinakula Sh250,000 ya hela hiyo. Inabaki Sh140,000. Kwa mkataba wa miaka miwili, ambao ndio wa kawaida, akiba inakuwa Sh3,360,000.

Hiyo si nyumba. Inaweza kuwa mtaji, au mwanzo wa kiwanja. Na hesabu hii inakubali tu kama aliyebaki anaendelea na kazi yake. Akiacha bodaboda au genge kwa sababu "hela inakuja", ile Sh140,000 inaisha mezani na miaka miwili inapita bure.

Kwa hiyo kabla hamjataja nyumba ya vyumba vitatu, andikeni namba zenu wenyewe. Tumieni mshahara uliomo kwenye mkataba, siyo ule aliousema dalali kwenye simu.

Kafala: kwa nini mambo ya nyumbani yanamfuata hadi kule

Nchi nyingi za Ghuba zinatumia mfumo wa udhamini unaoitwa kafala. Kwa lugha rahisi, kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri wako. Ukiondoka kwake bila ridhaa yake unaweza kuhesabiwa mtoro, hata kama uliondoka kwa sababu hakulipi.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti na kufanya kazi saa nyingi bila siku ya kupumzika. Wapo waliolipwa pungufu ya walivyoahidiwa, na wapo ambao hawakulipwa kabisa. Baadhi walipotaka kuondoka waliambiwa warudishe kwanza gharama za kuwaleta.

Nchi hazifanani. Falme za Kiarabu zilitunga sheria ya wafanyakazi wa ndani mwaka 2017, kisha nyingine mwaka 2022. Qatar iliondoa sharti la kibali cha kutoka nchini kwa wafanyakazi wa ndani Januari 2020, na Machi 2021 kikaanza kima cha chini cha riyal 1,000 za nchi hiyo. Lakini sheria kuwepo ni jambo moja, na kuifikia ukiwa umefungiwa ndani ya nyumba ya mtu ni jambo lingine.

Hapo ndipo makubaliano ya nyumbani yanapoingia. Tuseme safari imegharamiwa kwa mkopo wa kausha damu, na dhamana ni friji, televisheni na kochi. Mke akipata mwajiri anayempiga, atapiga simu nyumbani kuuliza: nirudi? Mume anaangalia rejesho la wiki ijayo. Hata asiposema "vumilia", mke ataisikia kwenye ukimya wake.

Mambo mawili yanasaidia. Kwanza, msikope hela ya riba kwa ajili ya safari. Kama bila mkopo haiwezekani, basi haijawezekana bado. Pili, hela ya kwanza kabisa kuwekwa akiba iwe nauli ya kurudi. Iwekwe pembeni, isiguswe kwa kodi wala kwa msiba. Mtu mwenye nauli ya kurudi ana uwezo wa kusema hapana.

Na semeni waziwazi, kabla ya kuondoka: ukirudi kabla ya muda, mikono mitupu, mlango uko wazi. Neno hilo likichelewa kusemwa, mtu huvumilia yasiyovumilika kwa kuogopa aibu ya mtaa.

Hela ikitumwa, inaingia wapi?

Ugomvi mwingi hauanzi na mchepuko. Unaanza na swali moja: "Ile hela ya Machi iko wapi?"

Njia nyepesi ni kugawa mifuko miwili. Hela ya matumizi iende kwenye simu ya aliyebaki. Akiba iende kwenye akaunti ya benki ya aliyesafiri, au ya pamoja, ambayo mmoja peke yake hawezi kuichota. Akaunti hiyo ifunguliwe kabla ya safari, maana ukishapanda ndege mambo ya sahihi na alama za vidole yanakuwa magumu.

Aliyebaki naye asionekane mlinzi tu. Anayeamka saa kumi na moja kuandaa watoto, anayekwenda kliniki, anayesimamia fundi, naye anafanya kazi. Kama kuna kiasi chake binafsi kisicho na maswali, kitajwe mapema. Hela isiyotajwa ndiyo inayochukuliwa kwa kificho.

Wekeni kumbukumbu. Meseji za miamala hufutika simu ikiibiwa Kariakoo. Pigeni picha, au chukueni taarifa ya akaunti kila baada ya miezi mitatu na kutumiana.

Jina gani linaandikwa kwenye karatasi?

Hili ndilo kubwa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina ya kusema.

Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni ya huyo, hadi ithibitishwe vingine. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa wana hisa sawa. Kwa hiyo kiwanja cha Chamazi au Toangoma kinachonunuliwa kwa hela iliyotoka Muscat, halafu hati ya mauziano ikaandikwa jina la kaka wa mume, ni kesi inayosubiri siku yake. Andikeni majina mawili, kwenye hati ya mauziano na kwenye leseni ya makazi.

Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kuwa mbali hakukufutii haki hiyo. Ila ili uitumie lazima ujue kinachoendelea, kwa hiyo kila mmoja awe na nakala za karatasi zote.

Kwa wale wanaoishi pamoja bila ndoa ya kufungwa, kifungu cha 160 kinawagusa. Mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, sheria inachukulia kwamba wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Anayesafiri bila cheti chochote ajue kwamba siku ya mzozo atahitaji mashahidi.

Mahakama ilishayaona haya

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, wanandoa waliokuwa wakiishi Dar es Salaam. Mume alipata kazi ya ubaharia katika kampuni iliyoko Mombasa, akafanikiwa, akanunua nyumba. Mke alibaki nyumbani. Ndoa ilipovunjika aliomba sehemu ya mali. Mahakama za chini zilimnyima, kwa hoja kwamba alikuwa mama wa nyumbani tu.

Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema hapana. Kazi za nyumbani na kutunza familia ni mchango katika kupatikana kwa mali, na kifungu cha 114 kinazihesabu.

Lakini Bi Hawa hakupata kitu. Mume alikuwa amewahi kumpa fedha za maendeleo ya familia, na mahakama ikaona alizitumia kwa mambo mengine. Ikahesabu kuwa alishachukua sehemu yake.

Hukumu hiyo inasema na pande zote mbili. Anayebaki ana haki, hata kama hakushika mshahara. Na anayekabidhiwa hela ya lengo fulani atakuja kuulizwa alivyoitumia.

Mke akiondoka, mume akibaki

Zamani aliyeondoka alikuwa mume. Vijana walitoka Kigoma na Songea kwenda mashamba ya mkonge Tanga wakiitwa manamba, na wake walibaki kijijini. Kwa kazi za ndani za Ghuba, anayeondoka mara nyingi ni mke.

Mume aliyebaki anajikuta kwenye kazi ambazo hakufundishwa, na mtaa unamcheka kwamba "analishwa na mwanamke". Wengine hukimbilia kuwapeleka watoto kwa bibi. Si vibaya, lakini bibi aulizwe, siyo apangiwe. Awe na kiasi chake cha kila mwezi, na ijulikane nani anasaini fomu za shule na nani anaamua mtoto akilazwa.

Kuhusu simu, Muscat iko mbele yetu kwa saa moja tu. Shida siyo majira, ni nafasi. Mfanyakazi wa ndani anaweza kushika simu saa tano usiku, baada ya vyombo vya mwisho, wakati huku ni saa nne na watoto wamelala. Kwa walioko Dubai, simu za WhatsApp zimefungwa, wengi wanatumia Botim. Pangeni siku mbili za wiki za kuongea na watoto, na moja ya kuongea nyie wawili, bila habari za hela.

Wekeni pia neno la siri. Mwajiri anaweza kuwa amesimama pembeni. Swali la kawaida kama "shangazi amepona?" linaweza kumaanisha: niko hatarini, anza kutafuta msaada.

Kabla ya kusaini

Wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni ya Serikali. Ulizeni TaESA kabla ya kutoa hata shilingi. Mkataba usomwe kwa lugha mnayoielewa na uhakikiwe na ubalozi wa Tanzania wa nchi husika. Anayebaki awe na nakala ya pasipoti, viza na mkataba, jina na anwani ya mwajiri, na namba ya ubalozi.

Halafu andikeni karatasi yenu. Iwe na lengo moja, tarehe ya kurudi, mgao wa hela, majina yatakayoandikwa kwenye mali, mlezi wa watoto, na mahali ilipo nauli ya kurudi. Sainini wote mbele ya mzazi au mtu mnayemheshimu. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 107, inataja kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka mitatu kuwa mojawapo ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Karatasi inayoonyesha mliafikiana inaweza kumsaidia aliyesafiri siku akiambiwa alikimbia nyumba.

Mkikwama, Temeke kipo Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mashauri ya familia, na kisheria kila kata inatakiwa kuwa na baraza la usuluhishi wa ndoa.

Na kama mkikaa na kalamu na karatasi mkashindwa kukubaliana hata mambo hayo sita, mkiwa chumba kimoja na mnaangaliana usoni, basi jibu la "niende au nisiende" mmeshalipata. Siyo sasa.