Damu ya Mgiriki haitoshi bila karatasi

Juzi baada ya Alasiri, kijana mmoja wa mtaani alinifuata barazani na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha moja ya zamani: mzungu mwenye masharubu, kofia kichwani, amesimama mbele ya shamba la mkonge. "Ammi," akaniambia, "huyu ni babu yake mama. Alikuwa Mgiriki wa Tanga. Wakala mmoja kaniambia nikimpa shilingi laki moja u nusu, nitapata pasipoti ya Ulaya kabla ya Ramadhani."

Nilimwambia asitoe hata senti kwanza. Nikamuahidi nitalisoma jambo hili na nitaliandika, maana si yeye peke yake. Kuanzia Tanga, Moshi na Arusha hadi Lubumbashi, wako watu wengi wenye damu ya Kigiriki. Wagiriki walikuja zama za Mjerumani kufanya kazi za ujenzi wa reli, kisha wengi wao wakawa mabwana shamba wa mkonge na kahawa. Wengine walioa, wengine walizaa bila kuoa, wengine walirudi kwao na kuacha watoto. Watoto hao ni ndugu zetu, na baadhi yao tumeoana nao hapa Mombasa na Kwale.

Basi tuanze na msingi. Sheria ya uraia ya Ugiriki hufuata damu, haifuati ardhi. Kifungu cha kwanza cha kanuni yao ya uraia, sheria nambari 3284 ya mwaka 2004, chasema mtoto wa baba Mgiriki au mama Mgiriki ni Mgiriki tangu kuzaliwa. Haijalishi kazaliwa Athens au Pangani, na hakuna idadi ya vizazi iliyowekwa kuwa mwisho. Ukisikia hivyo utadhani mlango uko wazi. Lakini damu hiyo lazima ipite kutoka mzazi hadi mtoto bila kukatika kisheria, na kila hatua iwe na karatasi. Pete moja ikikosekana, mnyororo wote umekatika.

Mnyororo wenyewe hukatikia wapi? Ziko tarehe mbili ambazo kila mwenye dai hili anafaa kuzijua.

Ya kwanza ni tarehe 16 Julai 1982. Kabla ya hapo, Mgiriki wa dhehebu la Orthodox hakuwa na ndoa inayotambuliwa na dola yake ila ile iliyofungwa na kasisi. Ndoa ya serikali ililetwa na sheria nambari 1250 ya mwaka huo. Hebu fikiria maana yake kwetu. Mgiriki aliyeoa kwa mkuu wa wilaya, au aliyesilimu akafunga nikaha kwa kadhi, mbele ya Mungu na mbele yetu sisi ana mke halali na watoto halali. Lakini katika daftari la kijiji chake kule kisiwani ameandikwa kapera. Watoto wake waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo hawakuhesabiwa Wagiriki.

Ya pili ni tarehe 8 Mei 1984. Kabla ya hapo uraia ulipita kwa baba. Mwanamke wa Kigiriki aliyeolewa na mgeni, kwa kawaida hakuweza kumpa mwanawe uraia. Baada ya sheria ya mwaka 1984, mama na baba wakawa sawa.

Ugiriki yenyewe iliona dhuluma hiyo ikaweka dawa. Kifungu cha 14 kinawaruhusu watoto wa makundi hayo mawili kuwa Wagiriki kwa kutoa tamko mbele ya mamlaka ya Ugiriki au balozi. Waliozaliwa na mama Mgiriki kabla ya Mei 1984 wamo. Waliozaliwa na baba Mgiriki kabla ya Julai 1982 bila ndoa ya kanisa nao wamo, mradi sheria iliyofuata iwe imewahesabu kuwa watoto wa ndoa.

Hapa ndipo nataka wasomaji wangu wakae kitako. Tamko hilo hutolewa na mtoto mwenyewe. Mjukuu hawezi kulitoa kwa niaba ya mzazi aliyekwisha kufariki. Tena uraia huanza siku ya tamko, haurudi nyuma. Mtoto wa huyo aliyetamka ataingia pamoja naye ikiwa bado hajatimiza miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Kwa hiyo mzee wa miaka 65 anaweza kupata haki yake leo, lakini mwanawe wa miaka 30 asiingie kupitia mlango huo. Huyo atabaki na njia ya kuomba kupewa uraia kama mtu wa asili ya Kigiriki anayeishi ng'ambo. Hilo ni ombi, na ombi hukubaliwa au hukataliwa.

Na yule aliyezaliwa nje ya ndoa kabisa? Sheria yasema akitambuliwa kisheria na baba Mgiriki kabla hajatimiza miaka 18, anakuwa Mgiriki tangu siku ya kutambuliwa. Akiwa mtu mzima, umri umempita. Ndiyo maana nasema wanaowauzia watu vipimo vya DNA kama ufunguo wa pasipoti wanawapotosha. DNA yaweza kuonyesha babu yako ni nani. Haiwezi kumwozesha bibi yako, wala kurudisha siku zilizopita.

Sasa tuseme mnyororo wako haujakatika. Utaanzia wapi? Utaanzia Ugiriki. Kila Mgiriki ana manispaa au kijiji alichoandikishwa. Kuna daftari la familia, wenyewe huliita dimotologio, na kuna daftari la wanaume lililotumika zamani kwa ajili ya jeshi. Bila kulipata jina la babu katika mojawapo, huna pa kuanzia. Kwa hiyo tafuta kwanza jina lake kamili, jina la babake, mwaka wa kuzaliwa na kijiji alichotoka. Pasipoti yake ya zamani, barua, cheti cha ubatizo, hata maandishi kwenye kaburi, vyote vina thamani.

Angalieni pia kisiwa alichotoka. Rhodes na visiwa jirani vyake vilikuwa mikononi mwa Waitaliano tangu 1912, vikaingia Ugiriki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mtu aliyekuja Afrika kutoka huko miaka ya 1930 huenda alisafiri na karatasi za Kiitaliano. Na Mgiriki wa Cyprus ni raia wa Cyprus, nchi nyingine yenye sheria zake.

Baada ya hapo ni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, kizazi baada ya kizazi. Kila kimoja kithibitishwe kimataifa: kwa muhuri wa Apostille pale nchi ikiwa mwanachama wa mkataba huo, la sivyo kupitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Kisha kitafsiriwe Kigiriki na mtafsiri anayetambulika. Ndoa na uzazi wa ng'ambo huandikishwa kwenye ofisi maalumu ya msajili iliyoko Athens. Majina ndiyo hukwamisha wengi. Babu aliandikwa Konstantinos kule, huku watu wakamwita Bwana Kosta, na mwanawe akaitwa Hamisi bin Kosta. Kila tofauti inahitaji hati ya kiapo au ya mahakama kuonyesha kuwa ni mtu yule yule.

Uraia nao una mzigo wake. Wanaume wa Kigiriki wa kati ya miaka 19 na 45 wana wajibu wa jeshi. Anayeishi ng'ambo huweza kupata cheti cha mkaazi wa nje kinachoahirisha wajibu huo, lakini akienda kukaa kule zaidi ya muda ulioruhusiwa ataitwa. Kwa Mkenya wa kuzaliwa, Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, lakini sheria ya 2011 inataka uutangaze ndani ya miezi mitatu, na kutoutangaza ni kosa. Jamaa zetu wa Tanzania wawe waangalifu zaidi: kule mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari, wa kwanza humtoka. Kongo nako, katiba haikubali uraia wa Kikongo kuchanganywa na mwingine.

Kuna jambo jingine nililolikuta nikisoma, likanigusa kama Muislamu wa Pwani. Kaskazini mashariki mwa Ugiriki, eneo la Thrace, wanaishi Waislamu tangu zama za dola la Uthmaniya, wenye mamufti wao. Ni raia wa Ugiriki kwa mkataba wa Lausanne wa 1923. Hata hivyo kati ya 1955 na 1998 kilikuwapo kifungu cha 19, kilichoruhusu serikali kumvua uraia raia "asiye wa asili ya Kigiriki" aliyeondoka nchini bila nia ya kurudi. Watu wapatao 60,000 walivuliwa, wengi wao Waislamu wa Thrace. Wengine walikwenda tu masomoni au kazini. Kifungu kilifutwa 1998, lakini kufutwa huko hakukuwarudishia uraia wao kwa mkupuo. Nchi ile ile inayomtafuta mjukuu wa nne aliyezaliwa ng'ambo iliwafungia mlango waliozaliwa ndani ya nyumba.

Sisi hatuwezi kushangaa sana. Ni wangapi hapa Pwani wameombwa vyeti vya babu na bibi ili wapate kitambulisho tu? Wamakonde walisubiri hadi 2017, Wapemba hadi 2023, kutambuliwa katika nchi walikozaliwa. Anayeulizwa asili yake huwa si yule aliyeipoteza. Mara nyingi ni yule aliyekosa karatasi.

Yule kijana nilimpa jibu langu. Bibi yake mzaa mama, bintiye yule Mgiriki, alizaliwa Muheza mwaka 1951 bila ndoa wala hati ya kutambuliwa, na amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kwa nilivyosoma, pete imekatikia hapo. Alinyamaza kidogo, akairudisha picha kwenye bahasha. Lakini laki yake na nusu imebaki mfukoni, na sasa anajua kwa nini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nasaba ni mali. Mwenye mzazi aliye hai na asili ya mbali, iwe Ugiriki, Oman au Yemen, akae naye wiki hii aandike majina, miaka na vijiji. Na sisi wenye ndoa za nikaha tuhakikishe zimesajiliwa na cheti kimehifadhiwa. Wajukuu zetu wasije kuulizwa swali ambalo sisi tulikuwa na jibu lake, tukalala.