Kisu cha Uzazi: Kilikozidi na Kilikokosekana

Katika baraza zetu za jioni, upasuaji wa uzazi huzungumzwa kwa namna mbili zisizopatana. Wako wasemao kuwa madaktari wa siku hizi wana haraka ya kisu, na wako wasemao kuwa lau si kisu hicho, fulani na mwanawe wasingalikuwapo leo. Tumezitazama hesabu za taifa letu, nazo zaonyesha kuwa pande zote mbili zina la kusema, ila kila upande wazungumzia mji wake.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii, ufanywao na Shirika la Taifa la Takwimu, ulionyesha mwaka 2014 kuwa katika kila watoto 100, watoto 61 walizaliwa katika vituo vya afya na 9 walizaliwa kwa upasuaji. Ulipofanywa tena mwaka 2022, waliozaliwa vituoni walifika 82, na waliozaliwa kwa upasuaji 17. Katika miaka minane, basi, upasuaji umekaribia kuongezeka maradufu.

Mtu aweza kusema kuwa jambo hili halina ajabu, maana wanawake wengi zaidi sasa wajifungulia hospitalini, khasa baada ya serikali kuondoa malipo ya uzazi katika vituo vya umma mwaka 2013. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Hakuna apasuliwaye nyumbani. Kwa hiyo tukiwahesabu waliojifungulia vituoni peke yao, twapata kuwa waliopasuliwa walikuwa kama 15 katika kila 100 mwaka 2014, na kama 21 mwaka 2022. Ndani ya hospitali zenyewe pia, mkono umekuwa mwepesi zaidi.

Je, kiasi gani ni kingi? Shirika la Afya Duniani lilitaja mwaka 1985 kiwango cha wazazi 10 hadi 15 katika 100. Mwaka 2015 likaeleza kuwa katika nchi nzima, upasuaji ukishapita 10 katika 100, kuongezeka kwake hakuonekani tena kupunguza vifo vya wazazi wala vya watoto wachanga. Shirika hilo halikusema kuwa mwanamke wa kumi na moja asipasuliwe. Lilisema kila mwenye haja apasuliwe, na hesabu isiwe ndiyo shabaha.

Misri, nchi ambayo vijana wetu wengi huenda kusoma dini, yatupa mfano wa kutisha. Mwaka 2014 zaidi ya nusu ya watoto wake walizaliwa kwa upasuaji. Mwaka 2021 walifika 72 katika 100. Hatudhani kuwa maumbile ya wanawake wa Misri yalibadilika katika miaka saba. Kilichobadilika ni desturi ya hospitali, urahisi wa kupanga siku na saa, na malipo. Hapa kwetu nako, bima ya afya ya jamii hulipa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Upasuaji una gharama zake za haki, na hatumtuhumu daktari yeyote. Lakini palipo na tofauti hiyo, familia yafaa iulize.

Upande wa pili wa hesabu ndio uumao zaidi. Sensa ya 2019 ilikadiria kuwa wazazi 355 hufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Tana River, jirani zetu, wangali miongoni mwa kaunti za mwisho kwa wanawake wanaozalishwa na mkunga au daktari aliyesomea kazi hiyo. Mwenye kukaa kisiwa cha Pate akahitaji kupelekwa Lamu hana njia ila bahari, na bahari ya kusi haimsubiri mwenye uchungu. Mtoto aliyekaa kingamo, kondo lililoziba njia, kitovu kilichotangulia, uchungu uliokwama: haya hayana dawa ya kunywa wala kombe. Mwenye uchungu uliokwama akinusurika, huenda akabaki na fistula, mkojo ukamtoka bila kizuizi, na watu wakamkimbia.

Hapa twataka kusema na wanaume wenzetu. Tumeyasikia mara nyingi, ya mwanamke kulazwa akiwa tayari kupasuliwa, naye muuguzi ahangaika kumtafuta mume atie sahihi, na mume yuko safarini na simu haishiki. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yampa mgonjwa mwenyewe, akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, haki ya kuelezwa na kuridhia. Sahihi ya mume si sharti. Na katika fiqhi, roho ya mtu haingojwi hadi mume arudi. Tena kama aliyepo ni daktari mwanamume peke yake, dharura imekwisha kuondoa mjadala.

Kuuliza, hata hivyo, si kukataa. Pale ambapo hali si ya dharura, mke na mumewe waulize: sababu ni ipi? Tukingoja saa mbili, kuna hatari gani? Kwa mfano, tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeondoa ile kanuni kuwa njia ya uzazi lazima ifunguke sentimita moja kila saa, kwani wanawake wengi wazima huenda polepole kuliko hivyo, khasa kabla ya sentimita tano. Uchungu wa polepole peke yake, ikiwa mama na mtoto wako salama, si sababu ya kisu. Shirika hilo lapendekeza pia kila mzazi awe na mtu amtakaye kando yake, na lasema wasichanjwe njia kwa mazoea tu. Mama, dada au somo aliyetulia ana faida kuliko anayelia mlangoni.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu tupendao watoto wengi. Kila kovu juu ya kovu huongeza hatari kuwa kondo la mimba ijayo litajishikiza kwenye kovu lisitoke, na damu iwe nyingi. Lakini aliyepasuliwa mara moja si lazima apasuliwe tena. Wengi waweza kuzaa kwa njia ya kawaida, mradi wawe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Daktari hawezi kuamua hilo ila ajue mara ya kwanza alipasuliwa kwa nini na alikatwa vipi. Basi siku ya kutoka wadi, kabla ya kufunganya vikoi na ubani, hakikisheni sababu hiyo imeandikwa katika kile kijitabu cha mama na mtoto, na kijitabu kiwekwe pamoja na cheti cha ndoa.