Kufuata mizizi ya familia ya wahamiaji: Calhoun, kutoka Donegal mpaka Carolina



Kuna watu mu historia ya Marekani wanaitwa Scotch-Irish. Jina lenyewe linachanganya: wanaonekana Waskoti nusu, Waayalandi nusu. Kumbe ni Waskoti waliohama mara mbili. Kuanzia 1609-1610, mfalme wa Uingereza aligawa mashamba ya Ulster, kaskazini mwa Ayalandi. Mashamba hayo yalinyang'anywa wenyeji Wakatoliki, na humo wakawekwa Waprotestanti kutoka Uskoti na Uingereza. Kisha, kati ya 1717 na 1775, vitukuu vyao walipanda meli kwenda Marekani. Wanahistoria hawapatani juu ya hesabu. Wengi wanaiweka kati ya watu 100,000 na 250,000.

Leo tuone namna gani mtu anaweza kufuata mizizi ya familia moja ya watu hao. Nimechagua familia Calhoun, juu makaratasi yake yanafuatika vizuri, na juu mwisho wake unatuachia swali nzito.

1. Juu ya nini waliondoka?

Watu mingi wanajibu haraka: dini. Ni kweli kwa sehemu. Hawa walikuwa Wapresbiteri, na tangu 1704 sheria iliwafungia kazi za serikali juu hawakuwa wa kanisa la Anglikana. Tena walilazimishwa kulipa fungu la kumi kwa kanisa ambalo si lao.

Lakini mimi nilisoma agronomi, basi ninaangalia udongo kwanza. Wakulima mingi wa Ulster hawakuwa na shamba lao. Walikuwa wanapanga kwa mkataba wa miaka 21 ao 31. Mkataba ukiisha, mwenye ardhi anapandisha bei, na anayetoa zaidi ndiye anachukua shamba. Ulitengeneza udongo kwa miaka 30, ukaweka mbolea, ukachimba mifereji. Mwisho unalipishwa kazi ya mikono yako mwenyewe. Ongeza ukame wa 1714 mpaka 1719, kisha njaa kubwa ya 1740-1741, utaelewa juu ya nini bahari haikuwatisha tena.

2. Meli zilitoka wapi?

Jibu liko mu mbegu. Ulster ililima kitani, ule mmea ambao mu masomo tunaita *lin*, na kutoka humo walifuma nguo. Sasa, ukitaka nyuzi laini, unang'oa kitani mbele mbegu zikomae. Mkulima anapata nyuzi nzuri, lakini hana mbegu ya msimu unaofuata. Kwa hiyo mbegu ilinunuliwa mbali, na kadiri miaka ilivyopita, mingi ilitoka Philadelphia na New York. Meli zilifika Derry, Belfast na Newry zikijaa mbegu. Kurudi Marekani zikiwa tupu ingekuwa hasara, basi zilibeba nguo za kitani pamoja na watu. Ndiyo maana mlango mkubwa wa wahamiaji hao ulikuwa bonde la mto Delaware, upande wa Pennsylvania.

3. Mbona majina yao hayapatikani mu orodha za meli?

Hapa ndipo watafutaji mingi wanakwama. Tangu 1727, Pennsylvania iliandika majina ya wageni walioshuka, zaidi Wajerumani, na kuwaapisha. Lakini mtu wa Ulster alikuwa tayari raia wa mfalme yule yule. Alishuka kama mtu anayetoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Hakuna aliyemuuliza jina.

Upande wa Ayalandi hali ni mbaya zaidi. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali pale Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Wosia, hesabu za watu, vitabu vya parokia, vingi vikawa majivu mu siku moja. Yanabaki mabaki: orodha za kodi ya moto wa jiko za miaka ya 1660, na orodha ya 1796 ya waliolima kitani na kupewa magurudumu ya kusokota. Ndiyo: kitani tena!

Basi kanuni ya kazi ni hii: usianze na meli. Anza na unayemjua, rudi nyuma hatua moja moja, na kila hatua iwe na karatasi yake.

4. Tufuate familia Calhoun kwa kurudi nyuma

*Carolina ya Kusini, 1790.* Hesabu ya kwanza ya watu ya Marekani inamtaja Patrick Calhoun, kichwa cha nyumba. Hesabu hizo za mwanzo zinaandika jina la kichwa cha nyumba tu. Wengine ni tarakimu. Ni mwaka wa 1850 ndipo kila mtu huru anaandikwa kwa jina lake.

*Long Canes, 1760.* Kwenye eneo hilo la Carolina kuna jiwe la kaburi lililowekwa na Patrick mwenyewe. Linamtaja mama yake, Catherine, aliyeuawa tarehe 1 Februari 1760 pamoja na watu wengine 22. Familia zilikuwa zinakimbia na magari yao ya kukokotwa wakati Wacherokee waliposhambulia. Binti wawili wadogo wa William, ndugu ya Patrick, walitekwa. Mmoja, Anne, alirudishwa baada ya miaka.

Jiwe linasema waliuawa na Wahindi wekundu, na linaishia hapo. Karatasi zingine ndizo zinaeleza sababu. Wacherokee walilalamika kwamba walowezi wamepita mpaka na kuingia mu pori lao la kuwindia. Tena mwishoni mwa 1759, gavana wa Carolina alikuwa amewafungia viongozi wao mu ngome kama dhamana. Ukisoma jiwe tu, una nusu ya habari.

*Virginia, 1746.* Familia iliishi mbele pale Reed Creek, karibu na mto New River. Tunajua kupitia vitabu vya mahakama ya wilaya ya Augusta, iliyoanza kazi Desemba 1745. Kaka wane, James, Ezekiel, William na Patrick, wanaonekana humo wakishitakiwa kwamba wanatangaza habari za uongo. Mwaka uleule mahakama inapanga watu wa sehemu yao kufanya kazi ya barabara. Mutafutaji wa mizizi anapenda sana kesi! Mutu mwema asiyegombana na mutu anapita bila alama. Mwenye deni na matata anaacha karatasi. Walihama Virginia baada ya jeshi la Jenerali Braddock kushindwa Julai 1755, wakati mpaka wote ulipokosa ulinzi, na Februari 1756 wakafika Long Canes.

*Pennsylvania, 1733.* Hapa ndipo walifikia kwanza, upande wa Lancaster, wakitoka Donegal. Patrick alikuwa mtoto wa miaka kama sita. Baba alifia Pennsylvania, na mama akabaki na watoto. Mu makaratasi ya nyakati hizo jina linaandikwa Calhoun, Colhoun, hata Cahoon, kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Mzizi wake ni Colquhoun, jina la ukoo wa Uskoti. Anayetafuta kwa herufi moja tu atapoteza babu yake.

Angalieni pia kwamba hawakutembea peke yao. Kaka wane, dada yao, mama, na majirani walihama pamoja kila mara. Ukipoteza nyayo za mtu, fuata jirani yake, shahidi wa wosia wake, ao mzee wa kanisa lake.

5. Na wale wasio na jina?

Turudi kwenye karatasi ya 1790. Mbele ya jina la Patrick Calhoun kuna safu ya mwisho, na mu safu hiyo kuna tarakimu: 31. Ni watumwa. Hakuna jina hata moja.

Mjukuu wa watu waliokimbia wenye ardhi wa Ulster alizaliwa mu nyumba hiyo 1782. Ni John C. Calhoun, makamu wa rais wa Marekani tangu 1825 mpaka 1832. Mu 1837 alisimama mu Seneti akatetea kwamba utumwa si uovu, ni jambo jema. Baba yake na bibi yake walijua maana ya kulimia mwingine. Yeye alijenga hoja ya kulimiwa.

Shamba lake, Fort Hill, mkwe wake Thomas Green Clemson aliliacha mu wosia ili liwe chuo cha kilimo. Leo ni chuo kikuu cha Clemson. Mu 2020, vyombo vya kupima chini ya ardhi vilionyesha makaburi zaidi ya 600 yasiyo na alama mu makaburi ya chuo. Inaaminika mengi ni ya watumwa, vibarua, na wafungwa waliojenga chuo.

Wazao wa watu hao nao wanatafuta mizizi. Kwao ukuta uko mwaka 1870, hesabu ya kwanza iliyoandika watumwa wa zamani mingi kwa majina. Ili kupita ukuta huo, wanalazimika kusoma wosia na daftari za mauzo za familia kama Calhoun, juu humo mara moja moja jina la mtu limeandikwa kati ya ng'ombe na vyombo vya nyumba.

Kwa hiyo, wandugu, mutafutaji wa kweli asome karatasi mpaka safu ya mwisho. Ukifuata familia moja kwa uaminifu, utakuta iko na familia zingine ndani yake, na karatasi ile ile iliyomtunza babu wa mmoja ndiyo ilimfuta babu wa mwingine. Na kama wazee wako wangali hai, waulize majina leo, uandike na tarehe. Karatasi hiyo hakuna karani atakuandikia.