Kina cha picha za Likoni kwenye kompyuta kuukuu

Miaka ya 1990, aliyepita kwenye feri ya Likoni, Mombasa, alipokewa na vibanda vya mbao vya wapiga picha, vilivyopambwa kwa rangi kali. Ndani palitundikwa pazia lililochorwa ndege, meli au majumba marefu ya mji wa mbali. Mteja alisimama mbele yake, akatoka na picha inayomwonyesha yuko safarini. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliandika habari za mafundi hao katika jarida la African Arts mwaka 2000. Wengi walikuwa watu wa bara, na machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, yaliyowalenga watu kama wao, yaliivuruga vibaya kazi yao.

Picha zao zilizosalia kwenye albamu zinafaa mno kwa onyesho la kompyuta linaloonekana kuwa na pande tatu, kwa kuwa fundi alikwisha kuzipanga kwa tabaka: mtu mbele, dunia ya kuchorwa nyuma.

Picha huskaniwa kwanza, kisha mtu akakatwa pembezoni mwake, taratibu, na kuwekwa kwenye tabaka lake. Pengo aliloacha hujazwa rangi za jirani. Baadaye kila tabaka hupewa mwendo. Ukiwa ndani ya matatu ya Kisauni, nguzo za stima za kando ya barabara hupita mbio huku minazi ya mbali ikijikokota, na jicho hupima umbali kwa tofauti hiyo. Kwa hiyo tabaka la mbele likisogea zaidi kuliko la nyuma, mtu hujitenga na pazia. Filamu ya Kimarekani The Kid Stays in the Picture ya 2002 ilisaidia kuieneza mbinu hii. Lisogee kidogo tu, tafadhali! Picha ikirushwa na kuzungushwa, uso wa mtu hupotea, na uso ndio tuliokuja kuuona.

Kazi hii haidai mashine mpya. ProShow Producer, programu ya maonyesho ya picha ya kampuni ya Photodex ya Texas, inaimudu vizuri. Photodex ilifunga milango Januari 31, 2020, siku chache baada ya Microsoft kuacha kuuhudumia Windows 7, mfumo wa kompyuta kuukuu nyingi. Bado programu iliyokwisha kusajiliwa hufanya kazi. Ila mashine ya Windows 7 isiunganishwe na intaneti, maana kasoro zake za usalama hazizibwi tena.

Hatari kubwa imo kwenye faili. Faili la onyesho la ProShow halibebi picha, hukumbuka tu zilipohifadhiwa. Ukihamisha folda, onyesho hufunguka na mapengo. Kompyuta ikifa, ProShow nyingine haipo dukani.

Basi unayepeleka picha za wazazi wako studio, iwe Changamwe au kwingineko, usiridhike na video peke yake. Omba pia picha zilizoskaniwa kwa ukubwa wake kamili na tabaka zilizokatwa, zikiwa faili za PNG ambazo programu yoyote itazifungua. Mwambie fundi askani na upande wa nyuma wa kila picha, penye jina, tarehe na mhuri wa aliyeipiga.