Asili ya Neno "Brilliant"

Neno "brilliant", ambalo kwa Kiingereza husifu kitu kinachong'aa sana au mtu mwenye akili nyingi, liliingia katika lugha hiyo mwishoni mwa karne ya 17. Lilitoka kwenye Kifaransa "brillant", kutokana na kitenzi "briller". Wafaransa nao walikuwa wamekikopa kwa Waitalia, ambao "brillare" kwao ni kumetameta.

Italia ndiko mambo yanakokuwa magumu. Wataalamu wengi hudhani kwamba "brillare" lilizaliwa na "beryllus", jina la Kilatini la kito cha berili, lakini kiungo hicho hakijathibitishwa. Hata hivyo dhana hiyo ina nguvu, kwa sababu jina la kito hicho limezaa maneno mengine ya vitu viangavu. Wajerumani huita miwani "Brille", kwa kuwa zamani lenzi zilichongwa kwa berili na mawe mengine maangavu. Waarabu wana "billaur", jiwe safi mfano wa kioo, ambalo wataalamu hulihusisha na jina hilohilo. Kutoka kwa Waarabu Waswahili wakapata bilauri, chombo cha kunywea maji.

Kilatini kililipata neno "beryllus" kwa Wagiriki, na Wagiriki kwa Wahindi, ambao katika lugha yao ya kale ya Kiprakriti walisema "veruliya". Hapa hakuna shaka kubwa, maana jina lilisafiri pamoja na bidhaa yenyewe. Berili ilichimbwa kusini mwa India, katika eneo la Coimbatore, na merikebu za biashara ya Roma zilivuka bahari kwa kufuata pepo za msimu. Plinius, mwandishi Mroma aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba berili hutoka India na ni nadra kupatikana kwingine. Aliongeza kuwa mafundi waliichonga pande sita, kwani rangi yake hufifia isipochangamshwa na mwanga unaorudishwa na kingo. Maelezo hayo yana thamani kubwa: yanaonyesha kuwa mng'ao uliosifiwa ulitegemea sana mkono wa fundi.

Kiingereza kilipolipokea neno "brilliant", sonara walilitumia pia kuita almasi iliyokatwa nyuso nyingi. Maana ya akili ilifuata baadaye. Mwaka 1919 mhandisi Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za vipimo vya mkato huo wa almasi, ambao leo huwa na nyuso 57 au 58.